Bi Mkasi Alivyodai Kuombwa Radhi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu wa darasa la kwanza aliyetuaga juma lililopita. Watoto walimwita Bi Mkasi. Mkasi wake ulining'inia shingoni kwa utepe mwekundu, na wenzake walisema ulimi wake ulikuwa mkali kuliko huo mkasi. Tumkumbuke kama alivyokuwa. Bi Mkasi hakuwa mtu wa kusahau.

Darasani kwake alikuwapo binti wa mshonaji, mtoto asiyeweza kusema. Akitaka kitu, alipiga mayowe mpaka vioo vikatetemeka. Shule ikamwita mtaalamu wa tabia, yaani mtu anayetazama mtoto anafanya nini na wakubwa wanamjibu vipi. Mwanamke kijana, viatu vyake havina mlio. Alikaa nyuma ya darasa asubuhi moja tu. Mchana, katika chumba cha walimu, mbele ya wote, hata mpishi aliyeleta chai, akasema: "Mayowe haya anayafundisha mwalimu wake. Mtoto akilia, anapewa anachotaka."

Mbele ya wote, wasikilizaji wapendwa. Na lilikuwa la kweli. Lakini kweli nyingine humwagwa usoni kama maji machafu. Bi Mkasi alitua kikombe polepole. Binti yake mkubwa anatuambia, "Mama akinyamaza, ujue mtu ameshaumia, ila hajajua bado."

Mpango wa mtaalamu ulikuwa huu: mtoto akipiga mayowe, asitazamwe, asijibiwe. Akionyesha picha ya anachotaka, apewe papo hapo. Bi Mkasi akauchukua mpango huo, akapatana na walimu wenzake, wakamgeuzia mtaalamu mwenyewe. Mtaalamu akiamuru, walimu wote macho dirishani. Akisema "naomba," papo hapo chai inamiminwa, kiti kinavutwa. Mpishi alicheka mpaka akashika mbavu. Mtaalamu hakung'amua. Alizidi kupaza sauti, kisha akaacha kuja.

Hapo kisasi kikamgonga asiyehusika. Kila mwalimu akafanya lake: huyu anampuuza mtoto, yule anamhurumia. Mayowe yakazidi. Mwalimu mkuu akamwita mshonaji, akamwambia muhula ukiisha mtoto abaki nyumbani. Mama wa watu alitoka ofisini, pini bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni, asimuage mtu.

Bi Mkasi alimwona. Jioni hiyohiyo akamfuata mtaalamu ofisini kwake. Hakumbembeleza. Alimsimulia mchezo wote wa chai na dirisha, na kwamba ulitokana na yale aliyoyasema mbele ya wote. Mtaalamu akaona haya, akataka kuomba radhi palepale, wawili tu, mlango umefungwa.

"Hapana, mwanangu," Bi Mkasi akamjibu. "Ulinivua nguo sokoni, usije kunifunika chumbani."

Kesho yake, chumba kilekile, watu walewale, mpishi kaitwa makusudi. Mtaalamu akasimama, akaomba radhi. Bi Mkasi akamtaka arudie, eti mpishi hakusikia vizuri. Akarudia. Ndipo Bi Mkasi naye akasema mbele yao kuwa hasira yake imemponza mtoto.

Wakakaa meza moja, wakakata picha, wakawafundisha walimu wote njia moja. Mtaalamu akashika darasa mwenyewe juma zima, akatoka sauti imekauka, na Bi Mkasi hakuficha furaha yake. Siku binti wa mshonaji alipoleta picha ya maji bila kulia, wanawake hao wawili waligombania jagi. Mtoto akabaki shuleni.

Je, alisamehe? Mtaalamu alituambia mazikoni, "Kazini, ndiyo. Kwingine sina hakika. Alinialika kila sherehe yake, na kila sherehe aliwasimulia wageni kisa hiki, nami nimekaa pale."

Tunawapa pole watoto wake, wajukuu zake na walimu wenzake. Nawe unayetusikiliza, jiulize: yupo uliyemwaibisha mbele za watu, ukamwomba radhi pembeni, ukadhani yamekwisha? Hayajaisha. Rudi chumba kilekile, waite walewale. Anakungoja. Na wakati mnapongojana yupo mtoto anayeumia, na huenda hana maneno ya kuwaambia.