Asiyejua ni Mwenyewe

Ndani ya treni, mwalimu kijana aliwasikia mawifi wawili waliokaa mbele yake wakibishana kuhusu ugonjwa wa mama wa mmoja wao.

“Wifi, hiyo ni siri ya familia,” alisema binti wa mgonjwa.

“Siri gani! Majirani wanajua, fundi anayempunguzia magauni anajua, na sasa behewa zima linajua. Asiyejua ni mwenye saratani peke yake! Hiyo si siri, wifi, ni kumzunguka.”

Mwalimu akainamisha macho.

“Tunamwonea huruma,” alisema binti.

“Mnajionea huruma nyinyi.”

Simu ya binti ikalia. “Mama huyo! Pokea wewe.”

“Kwani ni mama yangu?”

Treni ikasimama. Wakashuka wakisukumiana simu, nayo bado inaita. Mwalimu akabaki kitini, akijua jambo ambalo mama yule bado halijui.