Aliniomba Ruhusa Kabla ya Kunigusa

Sabato njema, ndugu zangu. Bwana asifiwe, na leo niacheni nimsifu kwa sauti. Wengi mnaniita Nyar Rongo, kwa kuwa mimi ni binti wa huko, na mnanijua ninapouza omena, dagaa wetu wa ziwani, hapa sokoni Homa Bay. Mdomo ninao. Lakini ndugu zangu, nusura nife kwa kunyamaza.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa katika hospitali ambayo sitaitaja. Damu ilichafua shuka, na sista mmoja akanigombeza mbele ya wodi nzima, akauliza kama kwetu tunalala na ng'ombe. Kisha akanifunua watu wakiona. Uchungu wa kuzaa niliusahau, lakini aibu ile haikutoka.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipofika nilienda hospitali nyingine, na nilibeba leso nyingi kuliko nguo za mtoto. Mtoto alizaliwa salama. Damu ilipozidi, nilikunja leso nikaisukuma chini yangu, kisha nyingine, ili shuka ibaki safi. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, akanisifu, "Nyar Rongo, wewe umezaa kama mtu anachuma mboga." Nampenda sana huyo mama, ila siku hiyo sifa zake zilinifunga mdomo zaidi. Kichwa kilizunguka. Moyoni nilimwambia Mungu, usikubali nimwache huyu mtoto.

Akaja nesi, mwanamume Mkuria wa kutoka Ntimaru. Mwanamume, tena si wa kabila letu, ndiye atanifunua; nikajua nimekwisha. Lakini alivuta pazia kwanza, akaniambia jina lake, kisha akasema, "Mama, naomba niguse tumbo nione kama limekaza. Ukisema ningoje, nitangoja. Na huyu mama, abaki ama atoke?"

Hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuniomba ruhusa. Nililia.

"Abaki," nikamwambia. "Daktari, niko na damu mingi. Nimeficha na leso. Usinigombeze."

"Pole, mama. Shuka itafuliwa. Wewe ndio tunataka."

Aliita wenzake mbio. Wakanikanda tumbo, wakanidunga sindano, wakaniongeza damu, na kila jambo waliniambia kabla ya kulifanya. Mama mkwe aliomba kwa Kiluo kwa sauti kubwa mpaka wakamsihi aombe polepole, Mungu yuko karibu. Damu ikakatika.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenitoa shimoni kwa mkono wa mtu mpole. Dada mwenye mimba, mtumaini Bwana, na ukiona damu, sema. Hakuna shuka yenye thamani kukushinda. Na nyinyi mnaofanya kazi hospitalini, nawaona mmekaa hapo, Mungu awabariki. Mama akinyamaza, msiseme hana shida. Vuteni pazia, mumuulize taratibu. Mtoto wangu ana mama kwa sababu niliulizwa.