Maiti Iliamka Ikaomba Maji

SELPHA: Haloo, saluni. Ni nani?

ODHIAMBO: Ni mimi. Sasa, siz.

SELPHA: We Odhiambo! Uko wapi?

ODHIAMBO: Thika, kwa simu ya posta. Mathe amefika huko Ruiru?

SELPHA: Mama amefika asubuhi. Kiatu ya kushoto ni yake, ya kulia ni yako.

ODHIAMBO: Na vile nimeitafuta!

SELPHA: Ulimfanya nini?

ODHIAMBO: Mi? Nilikuwa nimelala tu!

SELPHA: Anasema ulikufa.

ODHIAMBO: Ni yoga, Selpha! Si nilikuambia yule mama Mhindi ananifundisha, sababu ya hii mgongo inaniuma? Ile ya mwisho unalala chali, unafunga macho, unapumua polepole. Sasa mathe anafungua mlango, hata haniguzi, anapiga nduru. Wapangaji wa ploti yote wakaingia. Kufungua macho hivi, Gathoni landilodi ashanifunika shuka mpaka usoni.

SELPHA: [anacheka] Woi—

ODHIAMBO: Usicheke! Nikakaa, nikaomba maji. Wengine walitorokea dirishani, manze.

SELPHA: Anasema umeingia mambo ya mashetani.

ODHIAMBO: Mashetani gani? Daktari alisema nipasuliwe ama niache kazi. Miezi mbili sikuwa naweza kufunga kamba ya kiatu. Saa hii nainama, naguza vidole. Na Jumatatu narudi kiwandani kubeba marobota, foreman hanipei siku ingine. Na mkeka yangu ya yoga alibeba, iko wapi?

SELPHA: Ameikalia.

ODHIAMBO: Mwambie airudishe!

SELPHA: Uape kwanza. Hutalala hivyo tena.

ODHIAMBO: Zii. Siapi. Kwani ni yeye— [mkwaruzo]

SELPHA: Sikusikii—

ODHIAMBO: Nasema, kwani ni yeye anabeba marobota?

SELPHA: Usinipigie kelele. Umesahau ni nani alifungua mlango akapata Okello amekufa?



ODHIAMBO: Lakini brathe yetu alikuwa mgonjwa.

SELPHA: Alimwambia Mama anapumzika kidogo. Chali hivyo hivyo. Hiyo nyumba yenyewe.

ODHIAMBO: ...Sikufikiria hiyo.

SELPHA: Wewe hufikiriangi. Tangu hiyo siku Mama hajawahi lala usiku mzima, unajua?

ODHIAMBO: Wacha hizo. Kuna laini ndefu ya watu nyuma yangu na hii ndio shilingi ya mwisho. Mpe simu.

SELPHA: Hataki. Anasema hata redio iko na sauti, na haipumui. Anasema... ngoja. Anasema upumue.

ODHIAMBO: Nini?

SELPHA: Pumua kwa simu, asikie.

ODHIAMBO: Selpha, watu wananiangalia — buda, ngoja bana, namaliza! —

SELPHA: Odhi. Pumua.

ODHIAMBO: [anavuta pumzi, anaishika, anaiachilia]

SELPHA: Tena. Ameweka sikio.

ODHIAMBO: [pumzi]

SELPHA: Tena. Pole pole... Odhi, ameanza kukufuata.

ODHIAMBO: Mwambie asiende haraka. Ahesabu nne akivuta, nne akiachilia. Mwambie — aah, inalia, inataka kukata —

SELPHA: Usiongee! Pumua tu!

ODHIAMBO: [anavuta pumzi—]

[Tii, tii, tii.]

SELPHA: Haloo? Haloo? ...Mama, ni pesa imeisha. Si yeye. Mama, skiza. Ni pesa tu.