Tangazo la Ghorofa Nane

Bibi mmoja alikaa ndani ya basi nyuma ya abiria wawili waliokuwa wakibishana, kwa hiyo alisikia kila neno. Mmoja, fundi cherehani, alikuwa na tangazo la manispaa mapajani, la kuomba maoni kuhusu ghorofa nane zitakazojengwa mbele ya dirisha lake. "Nimelibandua ukutani niwapelekee pamoja na barua yangu," alisema. "Nitashonaje gizani?"

Mchora ramani aliyeketi kando yake akatikisa kichwa. "Dada yangu, hapo umewasaidia wenye jengo! Majirani watajuaje sasa? Na maoni mwisho ni kesho."

"Kwani wewe uko upande gani?"

"Ghorofa hizo nimezichora mimi. Watu nao wanahitaji pa kulala."

"Basi ungechora na jua langu!"

Bibi akaziba mdomo kwa ncha ya kanga asicheke. Mchora ramani alitoa kalamu, akaiomba barua, akaandika juu yake namba ya kiwanja. "Bila hii hawataisoma," alisema taratibu, akampa barua na kalamu atie sahihi.

Basi likasimama mbele ya manispaa. Fundi akashuka mbio, kalamu ya watu mkononi.

"Dada!" mchora ramani akaita dirishani. "Usiwaachie tangazo! Ukitoka humo, nunua gundi!"