Kovu la Shavu la Kulia

Ndugu waombolezaji, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu leo, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya baba yetu mkubwa, mchora sura za watu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Bado, kwa kuwa kila mteja aliyeuliza kama picha yake imekwisha alijibiwa neno hilo moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akaanza shule Januari 1955, ambako alichapwa viboko kwa kumchora mwalimu kwenye daftari la hesabu, ingawa mchoro wenyewe mwalimu alikwenda nao nyumbani na haukuonekana tena. Mwaka 1964 aliajiriwa kuandika mabango ya maduka, na tarehe 1 Februari 1972, baada ya kufundishwa rangi za mafuta na fundi mmoja mzee, alifungua chumba chake juu ya duka la vitambaa, akichora watu kwa kufuata picha za kamera walizomletea.

Kazi yake ilikuwa tabaka juu ya tabaka, la kwanza jepesi la kahawia, yanayofuata yakizidishiwa mafuta, na kila moja likisubiriwa likauke, hata bwana mmoja aliyeagiza picha ya uchumba aliipokea mwanawe akiwa anatembea. Tena hakuanza kabla ya kumhoji aliyeileta picha, akisema picha ya kamera ni shahidi mmoja tu, na shahidi mmoja hatoshi.

Ndivyo alivyompata mkewe, fundi cherehani aliyeleta picha ndogo ya kitambulisho ya marehemu baba yake, akaitwa mara kumi na moja kuulizwa ngozi ile ilikuwa na rangi gani, na shangazi zetu wanashikilia mpaka leo kwamba mara tatu zingetosha. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mama yetu mkubwa alifariki tarehe 2 Juni 2016. Mwaka 2018 marehemu alianza kumchora kwa kufuata picha moja ya ujana wao, safari hii bila kumuuliza mtu, maana nani angemweleza yeye habari za mkewe, akapaka matabaka tisa kwa miezi kumi na minne, mpaka siku binti yake mdogo alipopanda na chai, akasimama nyuma yake, akamwambia polepole kwamba kovu la mama lilikuwa kwenye shavu la kulia, si la kushoto. Walipoitazama vizuri ile picha ya kamera, hata vifungo vya blauzi vilikuwa upande usio wake, kumbe studio iliisafisha kinyume tangu miaka ile, kushoto kukawa kulia. Mganga hajigangi. Siku mbili hakula, kwa aibu mbele ya mtu ambaye hayupo tena kumsamehe.

Hakulihamisha kovu tu, kwa sababu uso wa mtu hauna pande mbili zilizo sawa, bali aliweka turubai mpya, akaanza kutuhoji sote, watoto, wateja wa cherehani, hata muuza maji aliyekuwa hapatani na mama.

Machi 2022 mkono wake ulianza kutetemeka, daktari akamtaka apumzike, naye akamwomba amwachie matabaka mawili tu, maana hakuogopa kufa, aliogopa kumwacha mkewe na uso usio wake. Asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2023 brashi ilimshinda kabisa, akachovya ncha ya kidole kwenye rangi, binti yake mdogo akamshika kifundo cha mkono, naye marehemu akaliweka kovu mahali pake, na alipoulizwa kama picha imekwisha, akasema ndiyo. Alifariki nyumbani tarehe 21 Septemba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana zamu kitandani kwake, na waandika mabango wenzake waliochora maandishi ya msalaba. Picha ndiyo ile pembeni ya jeneza, na mtakapopita kuaga tunawaomba msiiguse, kwa kuwa kovu bado ni bichi na alama ya kidole chake imo ndani.

Pumzika kwa amani, Baba Mkubwa, sisi tutasubiri likauke.