Sumu Iliyobaki Mezani

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, chini ya dirisha la jiko langu, kati ya kinyozi na fundi cherehani. Asubuhi nauzia kahawa hapo, nikiombea watu wanywe haraka nirudi kufua, na wasiobanduka ni watatu. Redio ndiye kinyozi; hajawahi kuzimika. Jaji alikuwa karani wa mahakama, na mpaka leo anatolea hukumu hata bei ya nyanya. Sindano ndiye fundi cherehani, mpole, na mkono wake wa kulia unalisha nyumba nzima. Asubuhi hiyo mkono huo ulikuwa umelala pajani kama wa mtu mwingine.

— Nimeamka umekufa ganzi, alisema. Ni yule buibui.

Hakuna aliyecheka. Jana jioni binti yangu na wenzake wa chuo walikuwa mezani jikoni na ule mchezo wao wa kusimulia vita na kurusha madadu. Mmoja alimpa mpiganaji wake jina la Sindano, eti kwa kuipenda kofia ya fundi. Dirisha lilikuwa wazi. Sote tulisikia buibui mwenye sumu akimrukia Sindano huyo, kisha umeme ukakatika, wakatawanyika.

— Mama, mwite mtoto, alisema Jaji. Tusikie sheria.

Binti akatoka na mswaki mkononi.

— Shikamooni. Ni hivi: anayeshambulia anarusha dadu la pande ishirini. Namba ikifikia kinga yako, amekupata. Ikipungua, amekukosa.

— Na jana?

— Alimpata.

Sindano akaushika mkono wake kwa ule wa kushoto.

— Halafu linarushwa dadu jingine kujua umeumia kiasi gani. Ila jeraha ni jeraha, sumu ni sumu. Kwa sumu, aliyeumwa anarusha dadu lake mwenyewe ajikinge. Akishindwa inamlegeza, na kila zamu yake ikifika anajaribu tena kuitoa.

— Sindano alirusha?

— Umeme ulikatika kabla. Jamani, ni mchezo! Nachelewa, mama.

Akaondoka. Niliona Redio ameacha kikombe chake kipoe, jambo ambalo sijawahi kuliona.

— Mnaona? alinong'ona. Ndiyo maana ni mkono mmoja. Sumu iko mlangoni, inangoja dadu.

— Kesi haijafungwa, alisema Jaji. Pigo limethibitika, athari bado.

— Na kila tunavyokaa, zamu zinapita! Pengine ameshashindwa mara tatu bila kujua!

— Usinitishe, alisema Sindano.

— Sikutishi, nakuhesabia.

— Nenda hospitali, kaka, nikasema.

— Nikifika niseme nini, shemeji? Nimeumwa na buibui wa mezani?

— Sema mkono.

— Wataniuliza umeanzaje.

Redio alikuwa ameshaingiza mkono dirishani. Akatoa dadu moja lililobaki mezani, jekundu, kubwa kama punje ya hindi iliyovimba.

— Arushe mwenyewe. Sheria imesema mwenyewe.

— Kwa mkono ulioumwa, alisema Jaji. Wa kushoto hauna shauri.

Wakaliweka kwenye kiganja chake cha kulia. Vidole havikufunga. Nilivitazama vile vidole vinavyopitisha uzi tunduni bila miwani, na havikufunga. Dadu likateleza, likaanguka kwenye vumbi.

— Kumi na saba! Redio akapiga kelele. Amepona!

— Halikurushwa. Limeanguka.

— Kuanguka si kurushwa na dunia?

— Mahakama haitambui dunia. Arudie.

— Akirudia akapata mbili, utamzika wewe?

Walikuwa wamepiga magoti wote wawili, pua karibu na dadu, hakuna anayethubutu kuligusa. Mimi nimesimama na birika. Sindano akasema kitu. Hakikuwa neno. Kilitoka kimelowa, na upande mmoja wa mdomo haukufuata mwenzake. Akajaribu tena, macho yakinitazama mimi, na kikatoka kilekile.

— Anasemaje? aliuliza Redio, bila kuinua kichwa.

— Anakata rufaa, alisema Jaji, macho bado kwenye dadu.

Ndipo akafika mama mmoja, mgeni kwetu, ameshika sare ya mtoto ya kupunguzwa. Akaangalia duka la fundi, halina mtu. Akamwangalia Sindano usoni, kisha mkono, kisha wale wawili chini, kisha mimi.

— Huyu mmemweka hapa anangoja nini?

Jaji akaanza kujipangusa vumbi magotini, akapangusa na kupangusa.

Nikatua birika. Nikapitisha bega langu chini ya kwapa la Sindano, upande wa kulia, na uzito wake wote ukaniangukia.