Matofali Yaliyonukia

Wewe umewahi kula tofali? Usinikunjie uso, nauliza kwa nia njema. Kwetu, nje ya kuba hakuna hewa hata ya kupigia chafya, kwa hiyo kila mtaa una chumba cha kujiokoa: mlango wa chuma, vitanda vya kujibana, na sanduku la chakula cha dharura. Chakula chenyewe ni matofali ya kijivu, urefu wa kiganja, yamefungwa karatasi inayong'aa. Hayana chumvi, hayana sukari, hayana harufu. Wataalamu waliyatengeneza hivyo makusudi, watu wasije wakayatafuna kabla ya siku ya balaa, na kwa miaka kumi na moja mpango huo ulifaulu kuliko mpango wowote mwingine wa wakubwa. Ufunguo wa sanduku la mtaa wetu anao Komeo, na nje ya mlango wake ndipo kilipo kijiwe: benchi lenye mguu mmoja mfupi, na birika la Mama Mkwe. Ni mkwe wa Komeo peke yake, lakini benchi zima linamwita hivyo. Jana mkaguzi alifungua sanduku. Matofali yalikuwa arobaini na nane, kamili. Tatizo ni kwamba yalinukia. Mkaguzi alimega moja kidogo ili apime, akajikuta amemaliza nusu. Komeo akapewa mpaka king'ora cha adhuhuri ya leo aeleze kilichotokea; akishindwa, anapanda meli ya anga ya kesho na harudi tena. Mkewe amebakiza wiki tatu kujifungua, na mjamzito haruhusiwi kupanda meli.

— Mimi nasema yameiva, alianza Redio, mtu ambaye hajawahi kuzimwa tangu nimfahamu. Kitu ukikifungia gizani miaka kumi na moja, lazima kiive.

— Ndizi ndiyo inaiva, bwana, alimkata Fundi Hewa. Huyu huziba mabomba, na huongea kama vile pumzi zetu tunamkopa yeye. Hapo kuna bomba linavuja. Harufu ya jikoni kwa wakubwa inapita humo, inaingia sandukuni.

— Si wewe uliyetwambia ile karatasi haipitishi hewa?

— Nilikuwa naongelea karatasi nyingine.

— Ipi?

— Nyingine, Redio! Mbona una maswali kama mtoto wa chekechea?

Komeo alikuwa amejikunja mwisho wa benchi, upande wa mguu mfupi, ufunguo umening'inia shingoni.

— Jamani, nimebakiza saa moja. Nipeni kitu cha kumwambia yule mtu.

— Tulia, kaka. Unaona wenzio tunafikiri.

— Kunywa, baba, alisema Mama Mkwe, akamjazia kikombe bila kuombwa.

— Ahsante, mama.

Alikishukuru kikombe, si uso wa mama. Miaka minne wanaishi chini ya dari moja na sijamwona akimtazama mkwewe machoni.

— Na mimi nimiminie, Redio alidakia. Hii kahawa siku hizi imekolea, mama. Nikishapata vikombe viwili, njaa siijui mpaka jioni. Cha mchana nimeacha kabisa kula.

— Na hicho kitambi umekitoa wapi? alisema Fundi Hewa.

— Wewe je? Mkanda wako umefika tundu la mwisho. Unashikilia kwa imani tu.

— Nimeongeza moto kidogo, alisema Mama Mkwe, akafunika birika.

Redio alikunywa, akajifuta midomo, na nikajua sasa tunapelekwa mbali.

— Haya, sikilizeni. Yale si matofali. Ni mayai.

— Mayai ya nani?

— Ya matofali! Yamekaribia kuanguliwa, ndiyo maana yananukia. Mimi nilichungulia nyuma ya mkaguzi. Moja lilinikonyeza.

— Acha fiksi.

— Haki ya nani! Lina jicho pembeni, hapa.

— Nimwambie mkaguzi limekukonyeza? aliuliza Komeo. Ndiyo utetezi wangu huo?

Fundi Hewa alishusha sauti, akatuita karibu kwa kidole. Nilikaribia, nakiri. Msomi mzima.

— Nyie hamwoni, lakini jambo lenyewe liko wazi. Wakubwa wameyabadilisha kwa siri. Miaka kumi na moja wametuwekea majivu, leo ghafla utamu? Mtu hakupi utamu hivihivi. Kuna balaa linakuja, wanalijua, na wanatuonea haya.

— Yaani tunanenepeshwa?

— Tunaagwa, kaka.

Redio alimgeukia Komeo.

— Basi kamwambie hivyo hivyo.

— Nikamwambie wakubwa wake ni waongo, halafu anibakize? Nitafutieni kichwa cha akiba kwanza.

Hapo ndipo alipotokea dada mmoja, begi begani, viatu bado vina vumbi la gatini. Alisema yeye ni mkunga mpya, anatafuta nyumba ya mjamzito aliyebakiza wiki tatu. Komeo alisimama kumsogezea nafasi. Mama Mkwe akampa kikombe.

Mkunga alionja. Akaonja tena.

— Mm! Nzuri. Mnaipata wapi?

— Kwa Mama Mkwe, alisema Redio.

— Na yeye anaipata wapi?

— Anaipata... Redio alimtazama Fundi Hewa. Fundi Hewa alitazama bomba.

— Nauliza tu, alisema mkunga. Meli yetu ya jana ndiyo ya kwanza kufika huku kwa miezi saba, na orodha ya mizigo ilibandikwa chooni, nimeisoma safari nzima. Sabuni, skrubu, nepi. Kahawa haikuwemo.

Kila mtu alichungulia kikombe chake. Komeo aliushika ufunguo. Kila akitoka zamu hulala mchana, na ufunguo huutundika kwenye msumari wa sebuleni, juu ya kochi la mkwewe.

— Mama... alisema, akiliambia birika badala ya uso wake.

King'ora kililia. Mkaguzi alikunja kona na fomu yake, punje nyeusi imenasa kwenye masharubu.

— Haya, Komeo. Maelezo?

Komeo aliinamisha kichwa.

— Sina, mzee. Niandike tu.

Mama Mkwe aliweka birika chini.

— Usimwandike huyo, hajui kitu, akilala hata hicho king'ora hakimwamshi. Niandike mimi. Kahawa iliisha, na siku ya tatu huyu Redio na huyu Fundi walitaka kung'oana meno kwa ajili ya mguu wa benchi. Nikachukua ufunguo msumarini. Tofali ukilisaga, ukalikaanga mpaka liwe jeusi, linatoa kahawa. Machicha niliyakandamiza na sukari ya kuunguza, nikayarudisha kwenye karatasi zake moja moja, hesabu isipungue.

Redio alikuwa bado na kikombe mdomoni.

— Na ile nguvu yake, mama? Ya siku ya balaa?

Mama Mkwe aliutazama mkanda wa Fundi Hewa, tundu la mwisho.

— Mmeshainywa yote.